Ndoo Inayoburutwa Kinyumenyume

Katika majimbo ya Minnesota na North Dakota, kaskazini ya kati ya Marekani, nyumba ya shambani kwa kawaida hukaa mbali na barabara ya umma, na njia inayoiunganisha na barabara hiyo, ambayo huweza kuwa na urefu wa mita mia moja au zaidi, ni mali ya mwenye nyumba na ni mzigo wake pia. Greda ya serikali ya kaunti husawazisha barabara ya umma na kuishia hapo, hivyo mwenye shamba anayetaka njia yake ipitike theluji inapoyeyuka na mvua za majira ya joto zinaponyesha hulazimika kununua changarawe, kuitandaza na kuisawazisha kwa chombo alicho nacho. Mara nyingi chombo hicho ni kipakizi kidogo chenye ndoo ya chuma mbele, ambacho mafundi hukiita skidi-stia, na ambacho katika maeneo mengi ya ujenzi, Afrika Mashariki ikiwemo, hujulikana zaidi kwa jina la Bobcat, ingawa hilo ni jina la kampuni moja tu kati ya nyingi zinazokitengeneza.

Kwa anayeitazama kutoka pembeni, kazi yenyewe huonekana nyepesi: ndoo hujazwa, humwagwa, kisha hupitishwa juu ya changarawe hadi uso ulainike. Lakini kipakizi hiki hakikubuniwa kwa ajili ya kusawazisha, na sifa zile zile zinazokifanya kiwe hodari wa kupakia na kugeuka katika nafasi finyu ndizo zinazokifanya kiwe chombo kigumu pale uso tambarare unapotakiwa. Mwendeshaji aliyeelewa chanzo cha ugumu huo hupata njia laini kwa ndoo ya kawaida bila kifaa cha ziada, na asiyeuelewa huweza kushinda kutwa nzima akihamisha mawimbi ya changarawe kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine.

Asili ya kipakizi hiki ni banda la bata mzinga. Ndugu wawili mafundi wa chuma, Louis Keller na Cyril Keller, waliokuwa na karakana katika kijiji cha Rothsay, Minnesota, waliombwa na mfugaji mmoja wamtengenezee mashine ya kuzoa samadi iliyo nyepesi kiasi cha kufanya kazi kwenye ghorofa ya juu ya banda na ndogo kiasi cha kuzunguka nguzo zake. Mwaka 1957 walikamilisha mashine ya magurudumu matatu, mawili ya mbele yakiendeshwa na injini na moja dogo la nyuma likizunguka huru kama gurudumu la kiti cha ofisini. Mwaka uliofuata mashine hiyo ilionyeshwa katika maonyesho ya jimbo la Minnesota chini ya kampuni ya Melroe ya Gwinner, North Dakota, ambayo iliwaajiri ndugu hao, na mwaka 1960 likatoka toleo lenye magurudumu manne, yote yakiendeshwa na injini, ambalo ndilo mzazi wa vipakizi vyote vya aina hii vilivyopo leo. Jina la Bobcat lilianza kutumika mwaka 1962. Mwaka 2023 ndugu hao waliingizwa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Heshima wa Wavumbuzi wa Marekani, heshima wanayoistahili kikamilifu, kwa kuwa ni mashine chache zilizotoka katika karakana ndogo ya kijijini na kuenea hadi bandarini, migodini na mashambani katika kila bara.

Magurudumu ya kipakizi hiki hayakati kona kama ya gari. Yale mawili ya upande wa kushoto yamefungamana na kuzunguka pamoja, na yale mawili ya upande wa kulia vivyo hivyo, kila upande ukiwa na mfumo wake wa nguvu, hivyo mwendeshaji anayetaka kugeuka huharakisha upande mmoja na kupunguza au kurudisha nyuma upande wa pili. Mashine hugeuka papo hapo iliposimama, lakini kwa gharama moja: magurudumu ambayo hayakubali kukata kona hulazimishwa kuburuzwa kimshazari juu ya ardhi. Ili uburuzaji huo uwezekane bila kuikwamisha injini, uzito wa mashine hugawanywa bila usawa, takriban asilimia 70 ukilalia magurudumu ya nyuma ndoo inapokuwa tupu, na magurudumu mepesi ya mbele ndiyo yanayoteleza. Ndoo ikijaa, uzito huhamia mbele na magurudumu ya nyuma yakawa ndiyo yanayoteleza. Juu ya zege jambo hilo hula tairi tu. Juu ya changarawe iliyokwisha kulainishwa hula kazi yote, kwa maana mzunguko mmoja wa papo hapo huchimba shimo la nusu duara na kuacha kingo za mawe zilizosukumwa pembeni.

Tatizo la pili ni la umbo, na ndilo kiini cha suala zima. Greda, ile mashine ndefu ya manjano ambayo wasomaji wengi wameiona ikipita kwenye barabara za vumbi, hubeba jembe lake katikati, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na mwili wake una urefu wa mita kadhaa. Magurudumu ya mbele yanapopanda tuta, jembe hupanda kwa sehemu tu ya kimo cha tuta hilo, hivyo kila greda inapopita, kasoro ya ardhi hupungua. Katika kipakizi kidogo mambo yako kinyume. Umbali kati ya ekseli yake ya mbele na ya nyuma hukaribia mita moja, na makali ya ndoo yanatangulia mbele ya magurudumu yote kwa umbali unaokaribia huo huo. Magurudumu ya mbele yakipanda tuta la sentimita 5, makali ya ndoo hupanda kwa takriban sentimita 10. Magurudumu ya nyuma yanapofika juu ya tuta lile lile, mashine huinama na makali huzama ardhini. Mashine huzidisha kasoro inayoikuta badala ya kuipunguza, na kwa kuwa inaposonga mbele magurudumu hupita juu ya uso ambao ndoo imetoka kuukata, kila kosa la ndoo huwa tuta la kesho la magurudumu. Hivyo ndivyo mwendeshaji mgeni anavyojikuta amezalisha vituta vinavyofuatana kama bati la mgongo, kila anapojaribu kuvifuta vikiongezeka, ilhali mikono yake haijafanya kosa lolote zaidi ya kusonga mbele.

Dawa ya hali hiyo ina sehemu mbili ambazo hutumika pamoja. Sehemu ya kwanza ni kurudi nyuma, kwa kuwa mashine inaporudi nyuma magurudumu ndiyo yanayotangulia na ndoo ndiyo kitu cha mwisho kuigusa changarawe, hivyo alama za tairi hufutwa badala ya kuachwa juu ya kazi iliyokamilika. Sehemu ya pili ni hali ambayo waundaji wa mashine huiita kuelea. Mikono ya kunyanyulia ndoo huendeshwa na silinda za haidroliki, yaani mitungi ambayo mafuta yenye shinikizo husukuma vyuma vilivyomo ndani yake, na kwa kawaida mikono hiyo hukaa pale ilipowekwa, ikipanda na kushuka pamoja na mwili wa mashine. Katika hali ya kuelea, ambayo kwenye mashine nyingi hupatikana kwa kusukuma pedali au wenzo wa mkono hadi mwisho wake, au kwa kubonyeza kitufe, mafuta huachiwa yapite huru pande zote mbili za silinda, na ndoo hulala juu ya ardhi kwa uzito wake yenyewe na wa mikono yake, ikifuata sura ya ardhi bila kujali mwili wa mashine unayumba namna gani. Uhusiano ule wa hatari kati ya gurudumu na makali huwa umekatwa. Vitabu vya maelekezo vya watengenezaji huonya kwamba hali ya kuelea isitumike mashine inaposonga mbele, na onyo hilo lina sababu nzito: ndoo iliyolegea ikikuta jiwe au mzizi mbele yake huweza kujichimbia na kuisimamisha mashine ghafla, huku mwendeshaji akiendelea na mwendo aliokuwa nao.

Hata hivyo, ustadi wa kuburuta ndoo hauwezi kuikomboa changarawe isiyofaa. Changarawe ya njia haipaswi kuwa mawe matupu. Mchanganyiko unaoshikamana ni ule wenye mawe yaliyopondwa, ambayo pembe zake kali hufungana, pamoja na mchanga wa kujaza nafasi kati ya mawe hayo na vumbi laini la kuunganisha, yaani chembe ndogo kuliko milimita 0.075 ambazo hupita katika chujio jembamba la maabara. Mawe ya mviringo ya mtoni, mazuri kwa bustani, hayafungani kamwe. Hubingirika chini ya tairi na kuhamia pembeni hata kama yalisawazishwa na fundi bora. Minnesota imejaliwa kuwa na mashimo mengi ya changarawe iliyoachwa na barafu kubwa za zama za kale, na wauzaji wake huipanga kwa madaraja ya idara ya uchukuzi ya jimbo, ambapo Daraja la 5 ndilo linalotajwa zaidi na wenye mashamba, ingawa hilo kimsingi ni la tabaka la msingi. Changarawe ya uso wa juu huhitaji vumbi la kuunganisha zaidi kidogo, kwa kuwa haina lami ya kuilinda. Msomaji wa Kenya au Tanzania atalielewa jambo hili kwa kuikumbuka moramu, ule udongo mwekundu wenye vijiwe, ambao hushikamana vizuri kwa sababu ya udongo wa mfinyanzi uliomo ndani yake, na ambao huteleza vibaya mvua inaponyesha pale udongo huo unapozidi mawe.

Adui wa njia ya changarawe ni maji yaliyotuama, na kila uamuzi wa mwendeshaji hupimwa kwa swali la maji yatakwenda wapi. Mwongozo wa barabara za changarawe ulioandaliwa South Dakota na kuchapishwa kwa ushirikiano na mamlaka ya barabara kuu ya Marekani, ambao ni miongoni mwa vitabu vinavyotumika sana katika fani hii, unapendekeza mgongo wenye mteremko wa takriban asilimia 4 kutoka katikati ya barabara hadi kila ukingo. Kwa njia ya nyumbani yenye upana wa mita 3.6, maana yake ni kwamba katikati pawe juu kuliko ukingo kwa sentimita 7 hivi, kimo ambacho jicho halikioni kwa urahisi lakini maji hayakikosi. Mahali ambapo njia imekatwa ubavuni mwa kilima, mgongo wa kati huachwa na uso wote ukainamishwa upande mmoja. Ndoo iliyonyooka haiwezi kuchonga mgongo kwa kupita katikati, bali huufuta. Kwa sababu hiyo umbo hujengwa kwanza kwenye udongo wa chini, kwa vigingi na kamba zilizopimwa, kisha changarawe hutandazwa kwa unene ulio sawa juu ya umbo hilo, kila nusu ya njia ikifanyiwa kazi peke yake. Wanaomwaga changarawe juu ya mashimo kwa matumaini kwamba uso wa juu utayaficha hulipa gharama mara mbili, kwa sababu changarawe nene iliyo ndani ya shimo hushuka zaidi inaposhindiliwa kuliko ile nyembamba iliyo pembeni yake, na shimo hurudi pale pale lilipokuwa.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini kazi ianze na lori na si na kipakizi. Njia ya mita 100 yenye upana wa mita 3.6 na unene wa sentimita 10 inahitaji mita za ujazo 36 za changarawe, ambazo kwa uzito hukaribia tani 55, bila kuhesabu upungufu unaotokea changarawe inaposhindiliwa. Ndoo ya kipakizi cha ukubwa wa kati hubeba takriban mita za ujazo 0.4, hivyo safari zingefika 90, na kila ndoo ingefunika zaidi kidogo ya mita mbili za upande mmoja wa njia. Dereva wa tipa mwenye uzoefu huondoa sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa kufungua mlango wa nyuma kidogo tu, ukizuiwa na mnyororo, kisha kuinua bodi huku lori likisonga taratibu, changarawe ikatoka kama utepe mrefu. Changarawe iliyomwagwa rundo moja ina hasara nyingine isiyoonekana mara moja: mawe makubwa hubingirika hadi chini ya rundo na vumbi hubaki katikati, hivyo anayelichota bila kulichanganya hutandaza mawe matupu sehemu moja na vumbi tupu sehemu nyingine. Njia nyembamba au yenye matawi ya miti hailiruhusu lori kufanya hivyo, na hapo ndipo kipakizi kinapobeba mzigo wote, mwendeshaji akichota rundo kutoka chini hadi juu ili mawe na vumbi vichanganyike ndani ya ndoo.

Kumwaga kwa ndoo nako kuna taratibu zake. Ndoo iliyojaa husafirishwa ikiwa chini, karibu na ardhi, kwa sababu ikiinuliwa uzito hupanda na mashine fupi hupoteza uthabiti. Kiwango cha mzigo kinachoandikwa na mtengenezaji kwa mashine za magurudumu hakizidi nusu ya uzito ambao ungeipindua mbele, na kiwango hicho hupimwa mashine ikiwa imesimama mahali tambarare, si ikiruka juu ya mabonde. Inapofika mahali pake, ndoo huinuliwa kidogo na kuinamishwa polepole huku mashine ikisonga mbele kwa mwendo usiobadilika, changarawe ikadondoka kwa tabaka jembamba badala ya kuanguka lundo. Mwendeshaji anayekosa mkono mwepesi wa kutosha hutikisa ndoo kwa midundo midogo ya pedali. Kazi ikifanyika vizuri katika hatua hii, uburutaji unaofuata huwa mfupi, na hili linastahili kukaziwa, kwa kuwa wengi huharakisha umwagaji wakidhani kwamba ulaini hupatikana baadaye.

Ndoo inayofaa ni yenye makali yaliyonyooka, isiyo na meno, kwa kuwa meno huacha mifereji, na upana wake uwe sawa na ule wa tairi kutoka ukingo hadi ukingo au uuzidi kidogo, la sivyo tairi huacha alama ambazo ndoo haizifikii. Makali yaliyolika katikati huacha kituta kirefu katikati ya kila mpito, na tairi moja yenye upepo pungufu huinamisha ndoo nzima upande wake. Kasoro hizi mbili huwafanya waendeshaji wengi walaumu mikono yao bila sababu.

Katika uburutaji wenyewe, jambo linaloamua matokeo ni pembe ya ndoo. Ndoo ikiinamishwa mbele sana, makali husimama wima na kuuma changarawe, nayo huvuta nyenzo nyingi, jambo linalofaa kubomoa vilima vya kwanza na kuvuta changarawe kutoka mahali pa ziada hadi palipopungua. Ikirudishwa karibu na kulala, kitako chake hugusa ardhi na kuteleza juu ya changarawe, kikilaza mawe na kubana uso. Mwendeshaji mzuri huanza na pembe kali na kumalizia na pembe tulivu, akipita kila mara kwa kufunika theluthi hivi ya mpito uliotangulia, na akianzia ukingoni kuelekea katikati ili changarawe isikimbilie kwenye majani. Kuna vishawishi viwili ambavyo ni lazima vishindwe. Cha kwanza ni kuikandamiza ndoo chini kwa nguvu ya haidroliki hadi magurudumu ya mbele yanyanyuke. Mashine katika hali hiyo hulalia makali ya ndoo, huchimba badala ya kulainisha, na hupoteza mshiko wa mbele. Cha pili ni kuburuta ndoo ikiwa imeinamishwa hadi mwisho kabisa, kwa kuwa wakati huo vyuma vya silinda za kuinamishia vimetoka nje kwa urefu wake wote, na jiwe moja lililojificha huweza kuvipinda, hasara ambayo gharama yake huweza kuzidi thamani ya changarawe yote iliyotandazwa.

Idadi ya mipito nayo ina kikomo, na hapa ndipo subira ya kuacha inapohitajika kuliko subira ya kuendelea. Kila mara ndoo inapoburutwa huichambua changarawe: mawe makubwa huviringika mbele ya makali na kuja juu au kuhamia pembeni, wakati vumbi hushuka chini, na uso uliofanyiwa kazi mara nyingi mno huishia kuwa kapeti la mawe yaliyolegea juu ya tabaka la mchanga. Uchambuzi huo huwa mkubwa changarawe inapokuwa kavu. Changarawe yenye unyevu, ile ambayo ikifinywa kiganjani hushikamana bila kuchuruzika maji, hutandazika ikiwa kitu kimoja na kushindilika vema, ndiyo sababu wenye uzoefu hungoja siku inayofuata mvua nyepesi au hunyunyiza maji. Unyevu huo huzuia pia vumbi, ambalo katika changarawe zenye mawe ya kwatzi hubeba chembe za silika zinazodhuru mapafu kwa anayezivuta kwa miaka, na si kila kipakizi kina kibanda kilichofungwa cha kumkinga mwendeshaji.

Kugeuka hufanywa mbali na uso uliokamilika kila inapowezekana. Pale isipowezekana, mashine hugeuzwa kwa hatua ndefu za mbele na nyuma, zinazopinda taratibu, badala ya kuzungushwa papo hapo. Tahadhari hiyo huwa kubwa zaidi mahali penye udongo laini ambapo kitambaa maalumu cha kutenganisha udongo na changarawe kimetandikwa, kwa kuwa tairi moja ikizungushwa juu ya kitambaa kitupu hukikunja na kukichana. Changarawe humwagwa mbele ya mashine na mashine hupita juu yake, kitambaa kisikanyagwe kamwe kikiwa wazi.

Baada ya kulainishwa, tabaka hushindiliwa likiwa bado na unyevu, na unene wake kabla ya kushindiliwa usizidi sentimita 10 hadi 15, kwa sababu nguvu ya mashine ndogo haifiki chini zaidi ya hapo. Kipakizi chenyewe hufanya sehemu ya kazi hii ndoo yake ikiwa imejaa na kuinuliwa kidogo tu, kikipita mbele na nyuma kwa mistari inayopakana, kisha mpito mmoja wa ndoo inayoelea hufuta alama za tairi. Mashine ndogo ya bamba la kutetemeka au rola iliyokodishwa hutoa matokeo bora zaidi, hasa kwenye kingo, ambako tairi za kipakizi haziwezi kukaribia bila kuibomoa changarawe.

Usalama unadai kutajwa bila kuzungushwa maneno, kwa kuwa njia hizi ziko milangoni mwa nyumba, penye watoto na mifugo, na kazi inayofanywa kinyumenyume hufanywa upande ambao mwendeshaji anaona vibaya zaidi. Injini na kibanda huziba sehemu kubwa ya nyuma, na mikono ya kunyanyulia huziba pembeni. Kwenye mashine nyingi mwendeshaji huingia na kutoka kupitia mbele, juu ya ndoo, kati ya mikono hiyo, na watu wamepoteza maisha kwa kutoa kichwa au mkono nje ya kibanda wakati mikono inashuka. Kwa ajili hiyo mashine za kisasa hufunga mfumo wa haidroliki hadi chuma cha ulinzi kishushwe mbele ya mwendeshaji au mkanda ufungwe, na kuiondoa au kuidanganya kinga hiyo ni kucheza na maisha. Kwenye mteremko, upande mzito ndio unaotazama juu: ndoo ikiwa tupu mashine hupanda kinyumenyume, ikijaa hupanda kwa mbele.

Viko vifaa vinavyofungwa mahali pa ndoo na kurahisisha kazi hii. Kilicho bora kwa njia ndefu ni fremu ya kusawazishia yenye makali mawili yaliyowekwa sambamba kati ya reli mbili ndefu zinazoteleza ardhini, kwani reli hizo huirudishia mashine ule urefu iliokosa, makali yakakata vilele na kudondosha changarawe mabondeni. Vipakizi vya minyororo ya mpira, ambavyo vimeenea sana tangu miaka ya 1990, navyo huyumba kidogo kuliko vya magurudumu, ingawa minyororo hiyo pia huchimba inapogeuka. Mwenye njia ya mita mia moja anayeitengeneza mara moja au mbili kwa mwaka hana haja kubwa ya kununua fremu, maadamu ndoo yake imenyooka na hali ya kuelea inafanya kazi.

Njia iliyokamilika huangaliwa upya baada ya mvua kubwa ya kwanza, kwa kuwa madimbwi huonyesha kwa usahihi kuliko kamba mahali ambapo mgongo umekosekana, na sehemu hizo hukwaruzwa kidogo kabla ya kuongezewa changarawe ili tabaka jipya lishikane na la zamani. Katika eneo la baridi kama North Dakota kuna kazi nyingine inayongoja. Wakati wa kipupwe kipakizi kile kile husukuma theluji, na ndoo inayogusa ardhi hubeba changarawe pamoja na theluji hadi kwenye nyasi za pembeni. Wenye kujali huiacha ndoo sentimita kadhaa juu ya uso mpaka ardhi igande vizuri. Hata hivyo changarawe nyingi huhama, na majira ya kuchipua yanapoingia, ardhi ikishakauka kiasi cha kubeba mashine, kipindi cha kwanza cha kazi hutumika kuirejesha kutoka kwenye majani kwa ndoo iliyoinamishwa, ikiburutwa taratibu kuelekea katikati, kabla ya lori jipya kuagizwa.